Dawa ya Minyoo ya Ng'ombe kwa Kidonda Kisichopona? Wafamasia Wanajibu

Toleo lililopita tuligusia kwa aya mbili tu jinsi watafiti wanavyopekua dawa za zamani, za minyoo, za ukoma, za baridi yabisi, wakitafuta zitakazoua bakteria wasiosikia tena antibayotiki. Aya mbili hazikutosha. Ujumbe umemiminika kutoka Ngaramtoni hadi Boma Ng'ombe, na baadhi yake umetutisha, maana wapo waliokaribia kuanza kujitibu. Tunaanza na mmoja wao.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mfugaji wa Ngaramtoni, nina miaka 61. Nina kidonda mguuni, huu mwezi wa tatu. Nimemaliza dozi mbili za antibayotiki kutoka duka la dawa, bado kinatoa maji. Kijana wangu amesoma kwenye simu kwamba dawa ya maji ya minyoo ya ng'ombe, ile yenye oksiklozanaidi, inaua vijidudu sugu. Ninayo lita nzima. Nipake, au ninywe kidogo?

JIBU: Shikamoo, mzee. Usiinywe na usiipake. Chupa ibaki zizini.

Kijana wako hakusoma uongo, ila alisoma nusu. Oksiklozanaidi ina ndugu zake: rafoksanaidi na klosanteli za mifugo, na niklosamaidi ambayo binadamu hupewa kwa ajili ya tegu. Zikiwekwa kwenye sahani ya maabara, dawa za ukoo huu humdhibiti Staphylococcus aureus, bakteria wa kawaida wa vidonda na usaha, kwa kiasi kidogo sana, hata yule aliyeishinda antibayotiki ya methisilini. Bakteria huchaji utando wake kama betri: anasukuma protoni nje, kisha anaziruhusu zirudi kwa mlango maalumu huku zikimzalishia nguvu. Dawa hizi huzibeba protoni na kuzirudisha ndani kwa uchochoro. Chaji inakwisha, mdudu anakufa. Minyoo nayo hufa kwa njia hiyo hiyo.

Sasa, seli za mwili wako nazo zinaendeshwa na betri ya namna hiyo. Klosanteli imewahi kupewa watu kimakosa, na baadhi yao walipofuka, kwa kuwa huharibu retina na mshipa wa fahamu wa jicho. Isitoshe, chupa nyingi za oksiklozanaidi zimechanganywa na levamisoli, ambayo kwa binadamu inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu, yaani askari wale wale unaowategemea mguuni. Na hata ungenusurika yote hayo, dawa za ukoo huu zikifika damuni hunaswa na protini iitwayo albumini kwa zaidi ya asilimia 99. Iliyonaswa haiui kitu. Kwenye sahani ya maabara albumini haipo, ndiyo maana matokeo yake yanapendeza.

Ukijiuliza kuhusu niklosamaidi ya binadamu: dozi ya tegu kwa mtu mzima ni gramu 2 kwa mara moja, vidonge vinatafunwa. Inafaa kwa tegu kwa sababu hubaki tumboni na kuingia damuni kidogo tu. Kwa hiyo mguuni haifiki.

Turudi kwenye kidonda chenyewe. Kidonda cha mguu cha miezi mitatu mara nyingi hakichelewi kupona kwa sababu ya mdudu sugu peke yake. Kapime sukari kwanza, ukiwa hujala kwa saa 8. Ikiwa milimoli 7 kwa lita au zaidi, hapo pana sababu. Mwombe daktari ashike mapigo ya damu juu ya unyayo, na aangalie kama una mishipa ya vena iliyovimba. Kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka kinyofolewe kipande kipimwe, kisije kikawa saratani ya ngozi. Kipimo cha kuotesha bakteria maabara kikifanyika, kidonda kioshwe kwanza kwa maji ya chumvi, kisha sampuli ichukuliwe kwenye nyama ya chini. Usaha wa juu ukifutwa tu na pamba, maabara itaotesha wadudu wapitanjia wanaokaa juu ya ngozi, utapewa dawa ya kumpiga asiye na hatia.

Nyumbani osha kila siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja na vijiko viwili vya chai vya chumvi, vilivyosawazishwa. Funika. Na kwa kuwa unashinda zizini, ulizia chanjo ya pepopunda.

SWALI: Naandika kutoka Majengo, Moshi, nina miaka 34. UTI inanirudia, hii ni mara ya nne mwaka huu. Majibu ya kuotesha mkojo yanasema E. coli: herufi R kwa ampisilini, Septrin, siprofloksasini na seftriaksoni, herufi S kwa nitrofurantoini, gentamisini na meropenemu. Shoga yangu anasema Ulaya siku hizi UTI inatibiwa kwa ibuprofeni, eti niachane na antibayotiki. Mume wangu naye anameza simvastatini ya lehemu, nimesikia nayo inaua bakteria. Nifanyeje?

JIBU: Dada, karatasi hiyo usiipoteze. Wengi wanaotuandikia wanasema "nina UTI sugu" na hawajawahi kuoteshwa mkojo hata mara moja. R maana yake dawa imeshindwa, S maana yake bado inafanya kazi. E. coli anayeshinda seftriaksoni kwa kawaida anatengeneza kimeng'enya kinachokata dawa za ukoo wa penisilini na sefalosporini. Ukinunua nyingine ya ukoo huo, hata iliyo ghali zaidi, unamnunulia chakula.

Ibuprofeni ilijaribiwa kweli. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Norway, Sweden na Denmark kwa wanawake 383 wenye UTI ya kawaida ya kibofu. Nusu walipewa ibuprofeni miligramu 600 mara tatu kwa siku, nusu antibayotiki iitwayo pivmesilinamu, wote kwa siku tatu. Siku ya nne, karibu wanawake 74 katika kila 100 wa antibayotiki walijisikia wamepona. Upande wa ibuprofeni 39. Wanawake saba maambukizi yaliwapanda hadi kwenye figo, na wote saba walikuwa wa upande wa ibuprofeni. Shoga yako amesikia kwamba utafiti ulifanyika, hakusikia ulivyoisha. Ibuprofeni inapunguza maumivu, basi.

Simvastatini ni somo zuri la hesabu, na hesabu hii itajirudia katika majibu yote ya leo, hivyo tuifanye mara moja kwa utulivu. Ili kuzuia Staphylococcus kwenye sahani, simvastatini inahitajika kwa makumi ya maikrogramu katika kila mililita. Kidonge cha miligramu 40 kikimezwa, kinachofika damuni ni nanogramu chache kwa mililita. Nanogramu ni sehemu ya elfu moja ya maikrogramu. Pengo ni zaidi ya mara elfu, na hakuna ini wala misuli ya binadamu itakayovumilia dozi ya kuliziba. Na huyo ni Staphylococcus, E. coli wako ana utando wa nje unaozuia dawa nyingi hata kuingia. Kila utakaposikia kwamba dawa fulani "inaua bakteria sugu", uliza mambo mawili tu: kwa kiasi gani, na je, kiasi hicho kinafika mahali ugonjwa ulipo?

Nitrofurantoini inalijibu swali hilo vizuri. Ni dawa ya tangu 1953, ilikaribia kusahaulika zilipokuja za kisasa, sasa imerudishwa mstari wa mbele. Damuni hukaa kidogo sana, lakini figo huitupa kwenye mkojo, huko ikajaa. Bakteria mwenyewe anaivunja kuwa vipande vikali vinavyopiga sehemu nyingi za seli yake kwa pamoja, ndiyo maana usugu wa E. coli dhidi yake umekwenda polepole. Proteus hasikii dawa hii kwa asili yake, na Klebsiella mara nyingi naye hasikii, kwa hiyo usimgawie jirani vidonge vyako.

Dozi ya kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 100 mara mbili kwa siku, zile zinazoyeyuka polepole, kwa siku 5. Zikiwa vidonge vya kawaida ni miligramu 50 mara nne. Meza pamoja na chakula: tumbo halichafuki, na dawa inaingia vizuri zaidi. Usichanganye na dawa ya kiungulia yenye magnesiamu trisiliketi, inainasa. Mkojo utakuwa wa njano iliyokolea au kahawia, usiogope. Mwambie mfamasia kama una mimba, hasa ikikaribia miezi tisa, kama figo zako zina shida, au kama una upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Ukipata homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya ubavu au kutapika, usisubiri dozi iishe. Hapo ugonjwa umefika kwenye figo, na nitrofurantoini haifiki kwenye nyama ya figo kwa kiasi cha kutosha. Gentamisini na meropenemu ni za kuchomwa hospitalini, ziache akiba.

Ukirudia kipimo: safisha kwa maji, mwaga mkojo wa mwanzo chooni, kinga wa katikati kwenye kikopo safi cha maabara, kabla hujameza kidonge chochote. Ufike maabara ndani ya saa mbili. Ukikaa kwenye dala dala na jua la mchana, bakteria wachache watazaliana na kuonekana jeshi.

SWALI: Tunaishi Boma Ng'ombe. Mdogo wangu ana miaka 13, anatibiwa kifua kikuu sugu Hospitali ya Kibong'oto. Ngozi yake imeanza kuwa nyekundu inayoelekea weusi. Jirani anasema kidonge chake kimoja, klofazimini, ni cha ukoma. Watoto wenzake wameanza kumkimbia. Je, tunafichwa?

JIBU: Hamfichwi. Mdogo wako hana ukoma, na rangi hiyo ni ya dawa yenyewe. Klofazimini ni rangi kwa asili yake, nyekundu, na hupenda kukaa kwenye mafuta ya mwili na ngozi. Hata jasho, machozi na mkojo vinaweza kubadilika. Dozi ikiisha, rangi hupungua kwa miezi mingi, kwa wengine hata zaidi ya mwaka, kwa sababu dawa hutoka mwilini taratibu mno. Ngozi ikikauka kidogo na kuwasha, hilo nalo ni la kawaida. Mpakeni mafuta ya mgando, na jua kali aliepuke.

Kidonge hiki kina safari ya kuchekesha. Kilitengenezwa Dublin, Ireland, mwaka 1954 na kundi la Vincent Barry, wakitafuta dawa ya kifua kikuu. Majaribio kwa wanyama yakakatisha tamaa. Mwaka 1962 ikatoka ripoti kutoka Nigeria kwamba kinafaa kwa ukoma, kwani bakteria wa ukoma na wa kifua kikuu ni ndugu, na kikabaki huko kwa miongo. Kifua kikuu sugu kilipozidi, madaktari wakakirudisha. Jirani yako anakiita cha ukoma. Kwa haki, kimerudi kwao.

Linezolidi nayo ni mfano huo huo: ilisajiliwa Marekani mwaka 2000 kwa bakteria wa nimonia na wa ngozi, leo ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu sugu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mpango wa miezi sita wa bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, wakati zamani mgonjwa alikaa kwenye tiba mwaka na nusu au zaidi, tena na sindano zilizoua masikio. Mpango huo ulipendekezwa kwa walio na miaka 14 kwenda juu, kwa hiyo mdogo wako kupewa mchanganyiko mwingine wenye klofazimini hakuna ajabu.

Ninyi nyumbani mna kazi. Kama linezolidi imo kwenye orodha yake, muulizeni kila wiki kama nyayo zinachoma au zinakufa ganzi, na kama nyekundu na kijani bado anazitofautisha vizuri. Dalili mojawapo ikijitokeza, rudini kliniki siku hiyo hiyo. Ganzi iliyoachwa miezi inaweza isiondoke, na macho vilevile. Kipimo cha damu asikikose, kwa kuwa linezolidi hupunguza chembe za damu. Bedakwilini, klofazimini na moksifloksasini zote hurefusha muda wa moyo kujichaji, ndiyo sababu ya zile waya za kipimo cha moyo kifuani. Akizimia au moyo ukienda mbio, msingoje tarehe ya kliniki. Linezolidi pia huzuia kidogo kimeng'enya kinachovunja tiramini, kemikali iliyomo kwenye vitu vilivyochachuka. Najua Kilimanjaro mtoto huonjeshwa mbege kwenye shughuli. Kwa sasa asionjeshwe.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa maabara mwaka wa pili, Arusha. Nataka mradi wangu uwe kupima kama vidonge vitano vya kawaida (metformini, simvastatini, ibuprofeni, loperamaidi, albendazoli) vinazuia E. coli. Nimepanga kusaga vidonge, kuchovya karatasi za duara na kuweka kwenye agari. Mnashauri nini?

JIBU: Wazo zuri, njia mbovu. Kidonge kina wanga, laktosi, talki na magnesiamu stiareti. Kidonge cha miligramu 500 kinaweza kuzidi 600 kwenye mizani. Ukisaga na kupima unga, hujui umeweka dawa kiasi gani. Wanga hauyeyuki, unatia ukungu ambao utausoma kama bakteria wameota. Na karatasi ya duara inategemea dawa kusambaa kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria: dawa za mafuta kama simvastatini hazisambai, utaona duara tupu halipo uandike "haifanyi kazi" wakati dawa haikutoka hata kwenye karatasi.

Tumia unga halisi wa dawa wenye cheti cha usafi, na pleti ya vishimo 96. Bakteria awe yule wa kumbukumbu, E. coli ATCC 25922. Usianze na wadudu sugu wa wagonjwa. Hao ni wa maabara yenye kabati la usalama na msimamizi.

Yeyusha dawa kwenye kiyeyushio cha DMSO iwe miligramu 25.6 kwa mililita; kwa metformini tumia maji, inayeyuka bila shida. Chukua maikrolita 10 za hiyo, tia kwenye maikrolita 990 za mchuzi wa Mueller-Hinton (maji ya chakula cha bakteria) uliorekebishwa kalisi na magnesiamu. Sasa una maikrogramu 256 kwa mililita, na DMSO ni asilimia 1. Kishimo cha kwanza weka maikrolita 100 za mchanganyiko huo. Kishimo cha 2 hadi cha 10 weka maikrolita 50 za mchuzi mtupu. Hamisha 50 kutoka cha kwanza kwenda cha pili, changanya kwa pipeti mara tano sita, badilisha ncha, endelea hivyo mpaka cha 10, kisha tupa 50 za mwisho. Kishimo cha 11 weka mchuzi wenye DMSO asilimia 1 bila dawa, maikrolita 50. Cha 12 weka mchuzi mtupu, 100.

Bakteria watoke kwenye agari ya usiku mmoja. Wachanganye kwenye maji ya chumvi mpaka wafikie ukungu wa 0.5 kwenye kipimo cha McFarland, ambao kwa E. coli ni takribani milioni 100 kwa mililita. Punguza mara 100 kwenye mchuzi. Ndani ya nusu saa, ongeza maikrolita 50 kwenye vishimo vya 1 hadi 11. Kila kitu kimepungua nusu: dawa inaanzia 128 kushuka hadi 0.25, DMSO haizidi asilimia 0.5, bakteria ni laki tano kwa mililita. Funika, weka nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 20. Kishimo cha mwisho kilicho angavu ndicho kiwango cha chini cha kuzuia.

Kishimo cha 11 kisipoota, pleti yote ni ya kutupa. Cha 12 kikiota, mchuzi wako umechafuka. Katika safu nyingine pima gentamisini: kwa mdudu huyu inapaswa kutoa kati ya 0.25 na 1. Ikitoa 4, usiandike chochote kuhusu metformini. Katafute kosa la pipeti au la idadi ya bakteria. Umeme ukikatika usiku na inkubeta ikapoa, bakteria wataota kidogo na kila dawa itaonekana shujaa. Weka kipimajoto kinachohifadhi rekodi, au rudia. Dawa za mafuta zikiganda na kutia ukungu, dondoshea rangi ya resazurini, subiri saa moja hadi mbili: bluu ikigeuka waridi, bakteria wako hai. Ukimaliza, pleti zote ziingie otoklevu, nyuzi 121, kwa dakika 30.

Tunatabiri wengi wa watano wako watashindwa hata kwenye 128, na hayo ni matokeo halali ya mradi. E. coli ana utando wa nje, na ana pampu zinazotema dawa. Oranofini, dawa ya dhahabu ya baridi yabisi iliyosajiliwa Marekani mwaka 1985, inamzuia Staphylococcus sugu kwa chini ya maikrogramu 1 lakini inahangaika kwa E. coli kwa sababu hizo hizo. Hivyo tunakushauri upande wa pili wa mradi: uoanishe. Mwaka 2017 maabara ya Eric Brown, Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ilionyesha kuwa pentamidini, dawa ya zamani ya malale, hulegeza utando wa nje wa bakteria na kuifungulia mlango rifampisini, ambayo peke yake haimwezi E. coli. Ilifanya kazi hata kwa wale waliokuwa sugu kwa kolistini, antibayotiki ya akiba ya mwisho.

Kwenye pleti, dawa moja ipungue kwenda kulia, nyingine kwenda chini. Gawanya kiwango cha kila dawa ikiwa imeoanishwa kwa kiwango chake ikiwa peke yake, jumlisha. Jumla ya 0.5 au chini ni ushirikiano wa kweli. Zaidi ya 4 zinapigana. Katikati usipambe maneno. Kisha rudia safu iliyofaulu ukiwa umeongeza albumini gramu 40 kwa lita, kiasi kama cha damu. Dawa nyingi zenye sifa huanguka hapo. Na katika jedwali lako la mwisho weka safu ya kiwango kinachofikiwa damuni kwa dozi ya kawaida, kando ya ulichokipima. Bila safu hiyo msimamizi atakuuliza maswali, na ana haki.

KWA KIFUPI

Mfamasia wa Sakina, Arusha, anauliza kama dawa zisizo antibayotiki nazo zinaweza kujenga usugu. Ndiyo, na hili linatusumbua kuliko yote. Mwaka 2018 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walipima zaidi ya dawa 1,000 zilizoko sokoni dhidi ya aina 40 za bakteria wa utumbo. Katika zile zilizotengenezwa kwa ajili ya seli za binadamu, takribani robo zilizuia angalau aina moja, zikiwemo nyingi za magonjwa ya akili. Bakteria waliozivumilia walielekea kuwa wale wale wanaovumilia antibayotiki, maana pampu ni moja. Kwa hiyo dawa ya lehemu ikianza kumezwa kiholela "kuua vijidudu", inaweza kuwafundisha mbinu za kuikwepa antibayotiki.

Msomaji wa Marangu: ndiyo, Flagyl ilianza na kazi nyingine. Ililetwa kwa ajili ya trikomonasi, kimelea asiye bakteria. Mwaka 1962 daktari wa meno wa London aliripoti mgonjwa aliyeitumia kwa trikomonasi, na vidonda vya fizi zake vikapona pia. Ndipo ikajulikana inaua bakteria wasiopenda oksijeni. Ilifaulu kwa dozi ile ile ya kawaida, kwa sababu kiasi kinachohitajika kilikuwa tayari kinafika kwenye fizi.

Kijana wa Usa River anauliza kuhusu dawa "iliyogunduliwa na kompyuta". Ni halisini, ya mwaka 2020, kutoka MIT, Marekani. Ilikuwa kemikali iliyoachwa ya utafiti wa kisukari, programu ikaichagua katika maelfu, na ikatibu panya wenye bakteria sugu aitwaye Acinetobacter. Haijawa dawa ya binadamu. Anayekuuzia kapsuli zenye jina hilo ni tapeli.

Dada wa Njoro, Moshi: zidovudini, moja ya ARV za mwanzo, ni kweli inaweza kuwazuia E. coli. Lakini haifanyi kazi mpaka kimeng'enya cha bakteria mwenyewe kiiwashe, na bakteria hukitupa kimeng'enya hicho haraka, kazi ya dawa ikaisha. ARV zako zimeze kwa ajili ya VVU kama ulivyoandikiwa.

Na anayeuliza kuhusu loperamaidi: maabara imeonyesha inaipa nguvu antibayotiki ya minosaiklini dhidi ya bakteria kama wa UTI. Nyumbani hilo halikusaidii. Loperamaidi hufunga utumbo, na kwenye kuhara damu au kuhara pamoja na homa kali inawafungia wadudu na sumu yao ndani. Ukiona damu, acha vidonge, kunywa maji ya ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, na peleka sampuli ya choo maabara siku hiyo.